Stopa ya kifyatulio: skrubu moja ya milimita tatu, na mahali pa kuikomesha

*Swali: Nina bunduki ya mchezo wa mipira ya rangi, Tippmann 98 Custom, niliyonunua kwa mtu, ikiwa tayari imefungwa kifyatulio cha alumini cha vidole viwili. Ikishapiga, kifyatulio kinaendelea kurudi nyuma karibu nusu sentimita nzima ndipo kigonge mwisho. Rafiki yangu amebandika kipande cha kifutio cha penseli nyuma ya cha kwake, anasema kimekuwa chepesi. Mimi nataka kitu cha kudumu, na nataka nikitengeneze mwenyewe. Nianzie wapi, na nikikosea kitaharibika nini? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Ndugu wa Tabata, unachokitaka ni stopa, yaani kizuizi cha kukikomesha kifyatulio kisirudi nyuma kupita kiasi, na kinawezekana kwa tundu moja, skrubu moja isiyo na kichwa na nusu siku ya kazi. Kutoboa hakuzidi dakika kumi. Muda uliobaki wote ni wa kupima, na hapo ndipo wengi wanaporuka. Wanatoboa kwanza, wanakaza skrubu mpaka wauone mwendo umekuwa mfupi, halafu wanabaki na maka (ndivyo wachezaji wanavyoiita bunduki hii) inayopiga Jumamosi na kugoma Jumapili.

Tuanze na kinachotokea ndani, maana bila hicho vipimo vyote vitakuwa vya kubahatisha.

Ukivuta kifyatulio, kidole kinapita hatua tatu. Ya kwanza ni ulegevu: kifyatulio kinasogea lakini hakijagusa kitu. Ya pili ni kazi yenyewe: kifyatulio kinaisukuma sia, kile kidole cha chuma kilichoinasa nyundo, na ncha ya sia inashuka mpaka iiachie nyundo iende mbele ikagonge vali. Ya tatu ni mwendo wa ziada: nyundo imeshaondoka, mpira umeshatoka mtutuni, na kidole bado kinasafiri. Hiyo nusu sentimita yako ni hatua ya tatu, na stopa inagusa hiyo tu.

Kwa hiyo rafiki yako hajafanya kifyatulio chake kuwa chepesi. Uzito unatokana na springi na msuguano, na kifutio hakijagusa kimoja wala kingine. Alichopata ni ufupi, na kidole mara nyingi huusoma ufupi kama wepesi. Si jambo baya. Mwendo ukiwa mfupi kidole kinarudi mapema, na mkono hautikisiki pale kifyatulio kinapogonga mwisho. Ila usitarajie stopa peke yake ikuongezee mipira kwa sekunde kwa kiasi cha kutangaza.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu makosa makubwa yote yanatoka hapa. Kwenye Tippmann 98 tundu la pini ya sia si duara kamili, limerefushwa. Nyundo ikishaachiwa, sia inateleza kidogo kwenye tundu hilo, inaponyoka juu ya kifyatulio na kuinuka tena hata kama bado umekibana. Gesi inapoirudisha nyundo nyuma, sia inakuwa imeshasimama kuipokea. Ndiyo maana ukibana na kushikilia, maka inapiga mara moja tu na kubaki imekokiwa. Sasa ukiweka stopa mahali ambapo ncha ya sia ndiyo kwanza imeiachia nyundo, bila nafasi ya ziada, nyundo inaondoka huku inaikwaruza ncha hiyo. Hutasikia kitu. Mpira utatoka. Lakini kila pigo litalamba kidogo ile kona kali ya sia, na siku kona ikishaviringika, sia haitashika tena kwa uhakika. Hapo una maka inayoweza kujipiga yenyewe ikigongwa, au kutoa mipira miwili kwa mvuto mmoja.

Maana yake ni kwamba sehemu ya ule mwendo wa ziada unaokukera ndiyo inayoilinda sia. Tunapunguza, hatumalizi.

Kabla ya kitu chochote

Funga mtungi wa gesi, piga hewa iliyobaki kuelekea mahali salama mpaka isitoke, kisha ng'oa mtungi na uuweke mbali. Ondoa hopa, kile chombo cha juu cha mipira. Chungulia kama kuna mpira umebaki kwenye chemba. Vaa miwani ya mchezo hata kama uko barazani kwako, na watoto wakae mbali. Mpira wa rangi wa kipenyo cha inchi 0.68 una uzito wa karibu gramu 3, na kwa kasi ya futi 280 kwa sekunde (mita 85) unabeba takriban jouli 11. Kwenye paja unaacha alama ya bluu, kwenye jicho hakuna cha kurudisha.

Angalia pia kama kifyatulio chako hakina tayari tundu lenye hesi, zile njia za skrubu. Vifyatulio vingi vya kununua huja na skrubu ndogo ndani, wakati mwingine imefunikwa na uchafu au rangi, na mwenyewe wa kwanza hakuwahi kujua ipo. Pitisha sindano mbele na nyuma. Ukiikuta, umeokoka kutoboa. Ruka mpaka kwenye kurekebisha.

Kupima kwa kadi ya laini

Huna haja ya venia, kile kifaa cha kupimia unene. Chukua ile plastiki inayobaki ukishabandua chipu ya laini ya simu. Unene wake ni milimita 0.76, sawa na kadi ya benki. Ikate vipande vya upana wa milimita 5 na urefu wa kidole, upate kama vinane. Weka pembeni na karatasi ya kawaida ya kuchapia. Moja ina unene wa karibu milimita 0.1.

Koki maka kwa mkono, bila gesi. Chomeka kipande kimoja nyuma ya kifyatulio, kati yake na fremu, kwenye kimo kilekile utakachotoboa. Vuta. Ukisikia "ta" ya nyundo, imepiga. Koki tena, ongeza kipande cha pili, vuta. Endelea hivyo mpaka igome. Tuseme kwa vipande vitano (milimita 3.8) inapiga, kwa sita inagoma. Rudi kwenye vitano, sasa ongeza karatasi mojamoja. Kwa karatasi nne inapiga, ya tano inagoma. Basi mpaka wako ni milimita 4.2. Toa 0.4 kwa ajili ya uhai wa sia, unabaki na 3.8. Hicho ndicho kipimo: skrubu itokeze milimita 3.8 nyuma ya kifyatulio, yaani unene wa kadi tano. Namba hizi ni mfano, za kwako zitakuja na maka yako.

Wakati unapima, vuta mara kadhaa ukikielemeza kifyatulio kushoto, kisha kulia. Maka iliyotumika sana huwa na mchezo kwenye pini ya egemeo, na ukivuta kwa pembe, ule mpaka wa kupiga unasogea. Ukiona tofauti inazidi karatasi mbili, fuata kipimo kidogo zaidi. Ikizidi kadi nzima, achana na stopa kwanza, shughulikia pini.

Vile vipande vya kadi, ukivifunga kwa selotepu mahali pake, ni stopa kamili ya majaribio. Cheza navyo siku moja kabla hujatoboa. Ni bora kuliko kifutio, kwa sababu kifutio hubonyea: ukivuta polepole kinasimama hapa, ukibana kwa nguvu kinasimama pale, na kikinyonya mafuta ya maka kinavimba na kulainika. Joto letu nalo haliisaidii gundi yake.

Vifaa

Skrubu isiyo na kichwa ya M3 (yaani ya kipenyo cha milimita 3), urefu milimita 10, yenye tundu la aleni, lile la pembe sita. Tapu ya M3, ya kukatia hesi ndani ya tundu, na mkono wake. Biti ya milimita 2.5 kwa ajili ya hesi, na nyingine ya 1.5 ya kutangulia. Aleni ya milimita 1.5. Sentapanchi, tupa ndogo, msasa namba 400, mafuta ya taa kijiko kimoja, na gundi ya hesi ya bluu, kwa mfano Loctite 243. Madukani Kariakoo tapu na biti hupatikana bila shida. Skrubu hizi ndogo ndizo zinazozungusha watu. Waulize wauza vipuri vya mashine au vya printa, kwa kuwa puli ndogo hukazwa kwa skrubu za namna hii. Kwenye vitasa vya milango nazo zipo, ila nyingi ni nene kuliko M3, kwa hiyo usichukue kwa macho, jaribu kwenye nati unayoijua.

Kwa nini M3 na si M4? Inategemea upana wa kifyatulio, ubavu hadi ubavu. Pande zote mbili za tundu ziachwe na ukuta usiopungua milimita 1.5. Kifyatulio cha milimita 6 kinaibeba M3 kwa kubana tu; M4 inataka 7 na kuendelea, biti ya 3.3 na aleni ya 2. M4 ina hesi ngumu zaidi kuharibika, lakini M3 inasogea nusu milimita kwa mzunguko dhidi ya 0.7 ya M4, kwa hiyo unarekebisha kwa ulaini zaidi. Kwa kazi hii ningechagua ulaini.

Na kwa nini skrubu ikae kwenye kifyatulio, si kwenye fremu? Kifyatulio kikiharibika unanunua kingine. Fremu ya 98 ni sehemu ya ganda lenyewe la maka, ukiitoboa vibaya umeitoboa maka. Tena kifyatulio unaweza kukipeleka kwa fundi mfukoni. Kama huna drili ya kusimama, nenda kwa mafundi wa Gerezani na kifyatulio peke yake, kikiwa na alama ya tundu. Hakuna sababu ya kupanda daladala na kitu chenye sura ya bunduki na kuanza kujieleza kituoni.

Kutoboa

Fungua ganda la maka ukiwa umelilaza juu ya taulo jeupe, ili springi ikiruka uione. Piga picha kabla hujagusa chochote: springi ya kifyatulio na ya sia zinafanana vya kutosha kukuchanganya usiku. Skrubu za maka za Kimarekani ni za inchi. Aleni ya milimita inayokaribia itaingia na itazunguka, ila inazila kona za tundu, na safari ya pili hazifunguki tena.

Tundu lipite kifyatulio kutoka uso wa mbele mpaka mgongoni. Lichague kwenye kimo kilicho mbali na pini ya egemeo kadiri inavyowezekana, mradi tu nyuma yake pawe na fremu nzito ya kupokea skrubu, si pengo wala kiungio cha maganda mawili. Umbali una faida yake. Tuseme skrubu iko milimita 20 kutoka kwenye pini, na kidole kinavuta milimita 30 kutoka hapohapo: kila 0.1 ya skrubu inakuwa 0.15 kwenye kidole. Ukiisogeza skrubu mpaka milimita 10 kutoka kwenye pini, 0.1 hiyohiyo inakuwa 0.3, na robo ya mzunguko inageuka kuwa kurusha karata.

Bana kifyatulio kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao. Piga sentapanchi, bila hiyo biti itateleza kwenye uso wa mviringo na kuchora mchirizi. Toboa na biti ya 1.5 mpaka itokee nyuma, kisha 2.5. Tone la mafuta ya taa kila baada ya milimita mbili tatu, na toa biti nje ili chengachenga zitoke. Alumini ina tabia ya kuyeyukia na kujishika kwenye biti kavu. Ukiona biti imevaa koti la kijivu, simama uisafishe, la sivyo tundu litapanuka na hesi zitakuwa za kuchezacheza.

Tapu iingie wima. Hapa jicho lako linahitaji msaada: simamisha kisanduku cha kiberiti pembeni yake, tazama upande mmoja, geuza, tazama wa pili. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta ya taa, nusu mbele, robo nyuma. Ile robo ya kurudi inakata chengachenga. Ukiipuuza, chengachenga zinajazana, tapu inabana, na tapu ya M3 inakatika kwa nguvu ya vidole viwili tu. Ikikatikia ndani, chuma chake ni kigumu mno kwa biti yako. Usihangaike nacho, nunua kifyatulio kingine.

Osha kwa maji ya sabuni, puliza, kausha. Usiache unga hata chembe, kwani njia yake ya kwanza itakuwa kwenye vali na vipira vya kuzuia gesi. Na vipira hivyo visiguswe na petroli.

Ncha ya skrubu

Skrubu nyingi za aina hii zina ncha yenye kikombe, yaani ukingo mkali wa duara. Imetengenezwa hivyo makusudi ili ichimbe uso inaougusa na isiteleze. Kwako ni balaa: baada ya mapigo mia kadhaa itakuwa imejichimbia kwenye alumini ya fremu, na kipimo chako kimehama bila skrubu kuzunguka. Isugue kwa tupa mpaka ukingo uishe, kisha ing'arishe kwa msasa 400 mpaka ncha iwe bapa na laini. Ukitaka kwenda mbali zaidi, bandika kwenye fremu, pale inapogusa, kipande kidogo cha chuma kigumu kutoka kwenye fila geji (vile vibapa vya kupimia mianya) kuukuu ya fundi pikipiki, kwa epoksi. Kwa joto la Dar la Februari epoksi ya dakika tano hukauka upesi kuliko inavyosema pakiti, kwa hiyo changanya kidogo na uwe tayari. Kumbuka kukihesabu kipande hicho kwenye kipimo.

Skrubu ya chuma cha pua ndani ya alumini, karibu na bahari, ina ugomvi wake. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na metali hizi mbili zikikutana ndani ya unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Baada ya masika mawili skrubu inaweza kuwa imeganda kwa unga mweupe. Gundi ya hesi inajaza mianya na kuzuia maji, kwa hiyo inafanya kazi mbili. Ni ya bluu tu lakini. Nyekundu inahitaji moto kufunguka. Na isiguse sehemu za plastiki, baadhi ya plastiki hupasuka kwayo.

Kurekebisha

Weka skrubu bila gundi kwanza, itokeze kama unene wa kadi tatu tu, na ufunge maka. Tuseme kifyatulio kina kina cha milimita 8 kutoka mbele hadi nyuma: skrubu ya 10 ikitokeza 3.8 nyuma inabaki na 6.2 ndani ya hesi, na mwisho wake wa mbele umezama milimita 1.8 chini ya uso wa kifyatulio. Kidole hakitaigusa. Kwa alumini hesi zinazoshika zisipungue mara moja na nusu ya kipenyo, yaani 4.5 kwa M3, kwa hiyo tuko salama.

Aleni itaingia kwa mbele, ndani ya kikingio (ile pete inayozunguka kifyatulio), kwa kutumia ule mguu wake mfupi. Ukiwa mrefu mno, ukate kwa msumeno wa chuma ubaki milimita 10.

Bila gesi bado: koki, vuta, kaza robo mzunguko. Koki, vuta, kaza. Itafika mahali nyundo haiachiwi. Legeza kidogokidogo mpaka ipige mara kumi mfululizo bila kukosa, ukivuta polepole kama mtu anayeiba. Huo ndio mpaka. Kutoka hapo legeza tena robo tatu ya mzunguko mpaka mzunguko mmoja, yaani milimita 0.4 hadi 0.5. Lazima ukutane na kile kipimo cha kadi. Visipokutana, kuna kitu kimebadilika wakati wa kufunga, mara nyingi springi ya sia imekaa vibaya. Fungua utazame.

Sasa majaribio, kwa mpangilio huu. Bila gesi, koki na upige kitako cha maka kwa kiganja mara kadhaa: isijipige. Koki, vuta, shikilia, koki tena huku umeshikilia: sia lazima ishike. Achia kifyatulio polepole kabisa: isipige wakati wa kuachia. Yakipita hayo, unganisha gesi, vaa miwani, na ujaribu bila mipira, ishirini polepole na ishirini haraka. Mwisho mipira, kwenye kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya mpira.

Kronografu inakusaidia kwa jambo moja ambalo watu hawalifikirii. Stopa iliyokaa sawa haibadilishi kasi ya mpira, kwa kuwa nyundo ikishaachiwa kifyatulio hakina usemi. Basi kama kabla ya stopa ulikuwa unapata namba zilizokaribiana na sasa zinaruka juu chini, nyundo inaikwaruza sia njiani. Legeza robo mzunguko, pima tena. Ila linganisha gesi ileile na muda uleule wa siku: mtungi wa kaboni dayoksidi una shinikizo la baa 57 hivi kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 30 ni karibu 72. Kasi uliyoiweka asubuhi itapanda yenyewe saa nane mchana, na hilo si kosa la skrubu. Viwanja vingi havikubali zaidi ya futi 280 au 300 kwa sekunde, kwa hiyo pima mchana pia.

Ikileta shida

Ikigoma kupiga baada ya wiki mbili za kupiga vizuri, kwanza shuku uchafu. Rangi iliyopasuka ndani ikikauka kwenye sia inakula ile nafasi yako ya 0.4. Safisha kabla ya kugusa skrubu.

Ikifululiza kama cherehani wakati mtungi unaelekea kuisha, ni gesi: nguvu haitoshi kuirudisha nyundo mpaka sia iinase, kwa hiyo inarudi mbele na kupiga tena. Badilisha mtungi. Ikifululiza na mtungi umejaa, toa maka mchezoni, fungua, tazama kona ya sia kwenye mwanga. Kona nzima inaonyesha mstari mmoja mkali. Iliyoliwa inang'aa kama ukingo wa sarafu. Hiyo haitengenezwi kwa tupa, kwa sababu ukiisugua umebadilisha pembe na kuondoa ngozi ngumu ya chuma. Nunua nyingine, kisha anza kupima upya toka kadi ya kwanza.

Kifyatulio kisiporudi mbele chenyewe, huenda skrubu imepinda na inakwama kwenye fremu, au tundu lilienda mshazari na ncha inagusa kwa ubavu. Tundu mshazari halinyooki. Kama una maka ya umeme, yenye swichi ndogo badala ya sia ya kusukumwa, haya yote yana hesabu nyingine: huko stopa inalinda swichi isipondwe, na skrubu za kiwandani karibu kila mara zipo.

Ukiridhika na majaribio, toa skrubu, ipanguse mafuta, weka tone moja la gundi ya bluu katikati ya hesi, irudishe kwenye kipimo na uiache saa 24. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu mpaka kwenye mwili wa kifyatulio, kwa upande wa nyuma unaoonekana ukichungulia ndani ya kikingio. Kabla ya kila mchezo tupia jicho mstari huo. Ukiukuta umekatika, skrubu imezunguka. Usiunganishe gesi mpaka umeirudisha kwenye kipimo chako cha kadi.